Nakala Iliyo Sahihi: Maandishi ya Serikali na Matoleo Yake

Kijiji cha Kwamsisi kimo katika nchi ya Uzigua, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Jina lake, kama majina mengi ya vijiji vya huko, huanza na neno Kwa, kwani Wazigua wana desturi ya kukiita kijiji kwa jina la mtu aliyekaa pale na watu wake. Kwamsisi iliingia katika historia ya elimu ya taifa letu mwaka 1971, pale Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilipoifanya shule ya kijiji hicho cha ujamaa kuwa mahali pa kujaribia mawazo ya Elimu ya Kujitegemea, yaliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967. Shule ilikusudiwa iwe shule ya jamii: wanafunzi wajifunze kutokana na kazi za kijiji, na wanakijiji nao waione shule kuwa ni mali yao. Katika miaka iliyofuata, mambo yaliyojaribiwa pale yalipelekwa katika vijiji vingine vya Tanzania kwa msaada wa mashirika ya UNICEF na UNESCO, katika mpango uliojulikana kwa kifupi kama MTUU.

Wengi wamekwisha kueleza habari za jaribio hilo kwa upande wa ualimu na siasa. Sisi tunapenda kulitazama jambo jingine ambalo kwa kawaida halitajwi, nalo ni makaratasi. Jaribio la elimu haliwezi kwenda bila ya maandishi. Mpango wa masomo huandikwa, ukajaribiwa darasani, ukaonekana mapungufu yake, ukaandikwa tena. Katika miaka ile kuandika tena maana yake ilikuwa kupiga chapa upya juu ya karatasi ya stensili, kuiweka katika mashine ya kurudufu, na kuzungusha mkono mpaka nakala zitoshe. Nakala moja hubaki chuoni, nyingine huenda kwa mwalimu, nyingine kwa Afisa Elimu wa wilaya, nyingine wizarani. Mwezi unaofuata hutoka nakala nyingine iliyosahihishwa, ambayo kwa macho inafanana kabisa na ile ya kwanza. Kama haikuandikwa tarehe wala namba, mwalimu mwenye nakala zote mbili atajuaje ni ipi ya kufuata? Na aliyepata ile ya kwanza tu, atajuaje kuwa iko ya pili?

Maswali hayo mawili yanaonekana madogo, lakini ndiyo yaliyoikabili kila serikali iliyotawala kwa kalamu. Kazi ya kuyajibu tunaweza kuiita utunzaji wa matoleo, yaani kuhakikisha kwamba kila andiko linajulikana limetoka lini, limebadilishwa na nani, limechukua nafasi ya andiko lipi, na lipi kati ya yote ndilo lenye nguvu leo. Siku hizi kazi hiyo husemwa sana kwa habari ya kompyuta, lakini katika nchi yetu ina umri mkubwa kuliko kompyuta, na historia yake ni sehemu ya historia ya utawala wetu.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba watu wa Uzigua, kama watu wengine wa bara hili, walikuwa na njia yao ya kutunza maneno mazito kabla ya karatasi kufika. Mipaka ya mashamba, mahari iliyolipwa, deni lililosamehewa, na nasaba ya ukoo, vyote vilihifadhiwa vifuani mwa watu. Wasiojua husema njia hiyo haikuwa na ulinzi. Si kweli. Mzee aliposimulia barazani, wazee wenziwe waliketi wakimsikiliza, na akipotoka walimrudisha. Shahidi hakuwa mmoja. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na tabia moja iliyo tofauti na ya karatasi: iliruhusu masimulizi mawili yakae pamoja kwa muda mrefu. Ukoo huu ulisema hivi na ukoo ule ukasema vile, na baraza likaishi na tofauti hiyo mpaka lilipotokea shauri la kulazimisha uamuzi. Karatasi haina uvumilivu huo. Ikisha kuandikwa, neno moja huwa neno lenyewe, na mengine yote huwa ni uvumi.

Utawala wa Wadachi ulileta karatasi hiyo kwa nguvu. Maakida na majumbe waliopewa kazi ya kuwatawala watu kwa niaba ya serikali ya Kijerumani walipokea amri kwa barua na kutoa taarifa kwa barua, na barua nyingi kati ya hizo zilikuwa za Kiswahili, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye zaidi kwa herufi za Kirumi. Shule ya serikali iliyoanzishwa Tanga mwaka 1892 ilikuwa na kazi hasa ya kutoa makarani wa kuandika na kusoma barua hizo. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilimfundisha mwananchi wa kawaida maana ya nakala: aliyekuwa na stakabadhi alikuwa amelipa, na aliyeipoteza aliweza kudaiwa tena. Huo ulikuwa mwanzo mchungu wa elimu ya nyaraka kwa watu wetu. Walijua tangu mapema kwamba karatasi iliyo mkononi mwa mtawala inaweza kumshinda mtu mwenye haki asiye na karatasi.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja na mtindo wao wa kuandika, na hapo ndipo tunapokuta kitu kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika miaka ya 1920 kila wilaya ya Tanganyika iliagizwa kuwa na Kitabu cha Wilaya. Handeni ilikuwa nacho, na hakikuwa kitabu kwa maana ya kawaida. Kilikuwa jalada gumu lenye karatasi zisizoshonwa, zilizowekwa chini ya vichwa vya habari vilivyopangwa: historia na masimulizi ya kabila, sheria na desturi, watawala wa asili, na mengine ya namna hiyo. Afisa aliyepata habari mpya aliandika ukurasa mpya na kuutia mahali pake. Ukurasa wa zamani aliweza kuuacha, kuusahihisha kwa kalamu pembeni, au kuuondoa.

Utaona mara moja uzuri na hatari ya mpango huo. Uzuri wake ni kwamba kitabu hakikuzeeka. Mkuu wa Wilaya mpya, ambaye pengine angekaa miaka miwili au mitatu tu kabla ya kuhamishwa, alikuta mahali pamoja yote yaliyokusanywa na waliomtangulia. Hatari yake ni kwamba karatasi isiyoshonwa haina kumbukumbu ya jirani yake. Ukurasa ukiondolewa, hakuna pengo linaloonekana. Ulinzi pekee uliokuwapo ulikuwa tarehe na saini chini ya ukurasa, na hizo si kila afisa alikumbuka kuzitia.

Tena jambo hili halikuwa la ukarani mtupu. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitaka nchi itawaliwe kupitia watawala wa asili, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ikaweka msingi wake. Basi maafisa wakaanza kuuliza katika kila wilaya: ni nani mtawala wa asili hapa? Katika Uzigua swali lenyewe lilikuwa gumu, maana nguvu za uongozi zilikuwa zimetawanyika katika koo na vijiji, na viongozi walioitwa mazumbe hawakuwa na mfalme mmoja juu yao. Mzee aliyeitwa kusimulia historia ya ukoo wake alijua vema kwamba masimulizi yake yanaweza kumletea ukoo huo kiti na mshahara. Alichosema kiliandikwa, kikapigwa chapa, kikawekwa katika Kitabu cha Wilaya chini ya kichwa cha historia ya kabila. Masimulizi ya ukoo wa pili, kama hayakuandikwa, hayakuwa tena masimulizi ya kushindana nayo. Mwanahistoria James Giblin, ambaye mwaka 1992 alitoa kitabu juu ya sehemu hizo katika miaka ya 1840 hadi 1940, alitumia maandishi ya serikali pamoja na maneno ya wazee wenyewe. Mwalimu yeyote anayewapeleka wanafunzi kukusanya historia ya kijiji angefanya vema kuufuata mfano huo: kuusoma ukurasa wa afisa kama toleo moja la habari, na kuuliza matoleo mengine yako wapi.

Hali kama hiyo ilitokea tena karibu na wakati wa Uhuru, safari hii kwa mkono wa serikali yetu wenyewe na kwa nia njema. Desturi za makabila kuhusu mahari, ulezi wa watoto, wosia na mirathi zilikusanywa, zikalinganishwa na kuandikwa kuwa sheria. Mtu aliyeongoza kazi ya kukusanya alikuwa Hans Cory, na matunda yake yalitangazwa katika Gazeti la Serikali kwa Matangazo Na. 279 na Na. 436 ya mwaka 1963. Lengo lilikuwa umoja: mahakama ya mwanzo isiwe na desturi mia moja za kuamulia shauri la namna moja. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Wazigua, kama Wanguu na Waluguru, kwa asili hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo palitokea jambo la ajabu kidogo: toleo lililoandikwa likawa na nguvu ya kitabu, na desturi isiyoandikwa ikabidi ithibitishwe upya kwa mashahidi kila iliposhindaniwa. Umoja ulipatikana kwa sehemu, na gharama yake walilipa wale ambao desturi zao hazikufikiwa na kalamu.

Tuingie sasa ndani ya ofisi, maana huko ndiko kazi ya matoleo ilikofanywa kila siku na watu ambao historia haiwataji. Tunawakusudia makarani wa masjala. Mpango wa masjala tulioupokea kutoka kwa Waingereza ulidumu baada ya Uhuru, na kwa sehemu kubwa unadumu hata leo. Barua ikifika hupigwa mhuri wa kupokelea wenye tarehe. Karani hutafuta jalada la shauri lile, akaifunga barua humo na kuipa namba ya folio kwa wino mwekundu kwenye pembe ya juu. Barua ya kwanza ni folio 1, jibu lake ni folio 2, na kuendelea. Upande wa pili wa jalada maafisa huandika madokezo yao, kila mmoja chini ya mwenziwe, kwa tarehe na saini, wakitaja folio wanayoizungumzia. Afisa akitunga jibu huliandika kwanza kama rasimu. Mkubwa wake hulisahihisha. Ndipo hupigwa chapa safi pamoja na nakala za kaboni. Ya juu hutiwa saini na kwenda, na nakala ya kaboni hubaki jaladani. Chini ya barua huandikwa wale waliopelekewa nakala, na juu yake huwapo maneno ambayo kila mtumishi anayajua, yamtakayo mwenye kujibu ataje namba ya kumbukumbu. Jalada likinenepa mno hufungwa, na juzuu ya pili hufunguliwa ikiendeleza shauri lile lile.

Tazama jinsi mpango huo ulivyo na akili. Hauruhusu karatasi kuingia katikati kwa siri, kwa kuwa namba zimefuatana. Hauruhusu karatasi kutoka bila kuonekana, kwa kuwa namba itaruka. Unaonyesha nani alishauri nini kabla ya uamuzi, na uamuzi wa mwisho ulikuwa upi. Kitabu cha Wilaya cha karatasi zisizoshonwa kilikosa ulinzi huo. Jalada la kawaida la masjala, lililoonekana kuwa kitu duni, lilikuwa nao. Udhaifu wake ulikuwa mwingine. Ulitegemea karani mmoja mwangalifu. Afisa aliyefungia jalada katika mtoto wa meza, au aliyefungua jalada la muda kwa sababu lile la asili halikuonekana, alivunja mfululizo wote, na baada ya hapo shauri moja likawa na maisha mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa maandalizi ya kuboresha utumishi wa umma, majalada yaliyojaa na kuchanganyika yalionekana kuwa moja ya matatizo makubwa ya wizara zetu, na masjala zikaanza kupangwa upya.

Turudi katika miaka ya Azimio la Arusha, kwa kuwa ndiyo iliyoiumba Kwamsisi. Azimio lenyewe ni mfano bora wa mambo tunayoeleza. Halmashauri Kuu ya TANU ililijadili Arusha mwezi Januari 1967, na likatangazwa tarehe 5 Februari. Lilijadiliwa na kutolewa kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa mwanzo ilikuwa na sehemu zenye utata, na baadaye ikatolewa tafsiri nyingine iliyorekebishwa, ikiwa na maelezo ya wazi kwamba imerekebishwa ili kuondoa utata huo. Mtafiti wa nchi za nje aliyeshika tafsiri ya kwanza alikuwa na Azimio lisilo sawasawa kabisa na lile alilosoma mwananchi. Kwetu jambo hili lina fundisho la kihistoria: katika hati kubwa kuliko zote za siasa yetu ya wakati ule, toleo la asili lilikuwa la Kiswahili, na Kiingereza ndicho kilichokimbizana nalo.

Kwa upande wa sheria mambo hayakwenda hivyo. Kwa miaka mingi sheria nyingi ziliendelea kutungwa kwa Kiingereza, ingawa lugha zote mbili ziliruhusiwa. Mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Tangu hapo kazi ya kutafsiri sheria imekuwa kubwa, na swali la toleo lipi lina nguvu limepata uzito mpya, kwani sheria moja hukaa katika lugha mbili na kila moja ina mabadiliko yake.

Hata katika lugha moja tu, sheria ni jambo la kutatanisha. Bunge halifuti kitabu chote na kuandika kipya kila mara. Hupitisha sheria ya marekebisho isemayo, kwa mfano, kwamba maneno fulani katika kifungu fulani yaondolewe na mengine yawekwe. Anayetaka kuijua sheria ilivyo leo lazima ashike ile ya asili na marekebisho yote, akiyatia moja baada ya jingine. Ili kumpunguzia msomaji mzigo huo, serikali huchapa toleo lenye marekebisho yote ndani yake. Tanganyika ilipata matoleo ya namna hiyo mwaka 1928, tena mwishoni mwa miaka ya 1940, na tena mwaka 1965. Baada ya hapo tulingoja mpaka Toleo la 2002. Miaka 37! Katika muda huo nchi iliingia katika Ujamaa, ikavunja na kurudisha serikali za mitaa, ikatoka katika chama kimoja na kuingia katika vyama vingi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo huko Handeni au Korogwe, asiyeletewa Gazeti la Serikali kila wiki, angewezaje kuwa na hakika kwamba kifungu anachomhukumia mtu hakijafutwa? Hili si jambo la makarani tena; ni uhuru wa mtu. Baadaye lilifuata Toleo la 2019, kisha Toleo la Urekebu la 2023, ambalo lilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo.

Walimu wa Uraia wanalijua tatizo hili kwa njia nyingine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ni ya mwaka 1977, lakini kitabu kiitwacho Katiba ya 1977 kimechapwa mara kadhaa, na yaliyomo hayafanani. Kilichochapwa kabla ya Mabadiliko ya Tano ya mwaka 1984 hakina sura ya haki za binadamu. Kilichochapwa kabla ya Mabadiliko ya Nane ya mwaka 1992 kinasema nchi ina chama kimoja cha siasa. Mabadiliko ya Kumi na Nne yalifanywa mwaka 2005. Mwanafunzi aliyepata nakala ya zamani katika kabati la shule, akaisoma kwa bidii na kuikariri, anaweza kujibu mtihani kwa maneno yaliyokuwa kweli zamani. Bidii yake haina kosa, na mwaka ulioandikwa juu ya jalada la kitabu haumsaidii hata kidogo, kwa kuwa ni ule ule katika nakala zote. Inampasa atazame ukurasa wa ndani unaotaja mabadiliko ya mwisho yaliyotiwa.

Wale walioshuhudia harakati za Katiba mpya waliona matoleo yakifuatana mbele ya macho ya taifa zima. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilitoa Rasimu ya Kwanza mwezi Juni 2013 na Rasimu ya Pili mwezi Desemba mwaka huo huo. Bunge Maalum likaichukua hiyo ya pili, na mwezi Oktoba 2014 likatoa Katiba Inayopendekezwa. Rasimu za Tume zilitaka muundo wa serikali tatu. Katiba Inayopendekezwa ilibakiza mbili. Kura ya maoni iliyopangwa kufanywa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na maandishi yote matatu yakabaki mikononi mwa watu. Vijijini yalisambazwa kwa wingi, na mara nyingi tumesikia watu wakibishana kwa ukali, kila mmoja akiwa na kijitabu chake na kila mmoja akisoma sawasawa, bila kutambua kwamba wameshika vijitabu viwili tofauti.

Katika Bunge Maalum hilo lilizuka pia dai jingine. Wajumbe walitaka kuiona Hati ya asili ya Makubaliano ya Muungano, ile iliyotiwa saini na Mwalimu Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964. Maneno ya Hati hiyo hayakuwa siri. Yamo katika sheria ya kuthibitisha Muungano na yamechapwa mara nyingi. Lakini wajumbe hawakutaka maneno, walitaka karatasi. Mwezi Aprili 2014 Ikulu iliwaonyesha waandishi wa habari hati yenyewe. Hapa tunaona wazi kwamba andiko la serikali lina maswali mawili, wala jibu la moja halitoshi kwa lingine. La kwanza: maneno haya ndiyo yaliyokubaliwa? La pili: karatasi hii ndiyo iliyotiwa saini? Taifa linalotunza la kwanza na kusahau la pili hujikuta likiulizwa miaka 50 baadaye.

Na kijiji je? Chini ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, kijiji chenye kaya zisizopungua 250 kiliweza kuandikishwa na Msajili wa Vijiji, kikapata halmashauri yake na nguvu za kisheria. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1982 zilipotungwa sheria mpya za serikali za mitaa. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na cheti cha ardhi ya kijiji. Mtu angeweza kufikiri kwamba makaratasi ya miaka ya 1970 yamekufa na sheria zake. Lakini sheria ya 1999, inapoeleza ardhi ya kijiji ni ipi, inakubali pia mipaka iliyowekwa kwa taratibu za zamani, na ile ambayo vijiji jirani vimekuwa vikiikubali. Kwa hiyo ramani iliyochorwa kwa mkono wakati wa kuhamia vijijini, au muhtasari wa mkutano wa vijiji viwili vilivyopatana juu ya kijito fulani, unaweza kuwa ushahidi wenye uzito kuliko ripoti nyingi nzuri. Wilaya ya Kilindi ilipokatwa kutoka Handeni mwaka 2002, vijiji vingi vilibadili makao makuu yao kwa siku moja, na majalada yao yalipaswa kuvifuata. Mwenye kujua masjala atafahamu kwamba safari ya namna hiyo ndiyo saa ya hatari kuliko zote kwa karatasi.

Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unahitaji neno zaidi, maana ndio hati ambayo mwananchi wa kawaida huishiriki hasa. Mtendaji huandika wakati watu wanasema. Rasimu hiyo husomwa katika mkutano unaofuata, ikasahihishwa na kuthibitishwa, ndipo mwenyekiti na katibu hutia saini. Kusomwa huko mbele ya watu ni baraza la wazee lililorudi kwa sura nyingine: masikio mengi yanayomrudisha mwandishi akipotoka. Pale ambapo muhtasari hupigwa saini ofisini bila kusomwa, au huandikwa upya baada ya mwekezaji kufika, kijiji hupoteza ardhi kwa hati iliyo safi kabisa kwa macho.

Mitambo ya kompyuta imekuja kubadili mengi. Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilifanywa kuwa Mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 2019, na ofisi nyingi za serikali zimeanza kupitisha majalada yao katika mfumo wa Ofisi Mtandao. Humo dokezo huwekwa tarehe na saa na mtambo wenyewe, jina la mwandishi halifichiki, na rasimu za nyuma zinaweza kufunguliwa tena. Folio ya wino mwekundu imepata mjukuu. Lakini mtindo wa kupeleka rasimu kwa simu za mkononi umeleta tena shida ya stensili za zamani, maana waraka husambaa kwa dakika moja katika sura tatu au nne, na ile iliyofutwa hutembea mbali kuliko iliyothibitishwa.

Sheria ya kwanza ya Nyaraka za Taifa ilipitishwa mwaka 1965, na mwaka 2002 mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo inasimamia karatasi tangu inapozaliwa masjalani mpaka inapowekwa hazinani au kuteketezwa kwa kibali. Kwa kawaida nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Maandishi ya serikali ya mwaka 1971, mwaka wa jaribio la Kwamsisi, yalifikia umri huo mwaka 2001. Yale ya kuandikisha vijiji ya mwaka 1975 yaliufikia mwaka 2005. Mwanafunzi wa Handeni au Korogwe atakayepata kibali cha utafiti na kuketi katika chumba cha kusomea huko Dar es Salaam ataletewa jalada lililofungwa kwa uzi, na kazi yake ya kwanza, kabla hajasoma neno lolote, itakuwa kuhesabu folio na kuona kama iko iliyoruka.